Miti Niliyoipiga Chapa Kabla ya Kuiona

Kwa miaka kumi na minane niliandika habari za msitu bila kukanyaga msituni hata mara moja. Nilikuwa daktilo, mpiga chapa wa ofisi ya misitu, ghorofa ya pili, katikati ya jiji la Lubumbashi. Wakaguzi walirudi safarini na viatu vyenye vumbi jekundu, wakaniwekea daftari zao mezani, nami nikazigeuza kuwa ripoti safi zenye nakala tatu. Niliweza kuandika *Brachystegia spiciformis* macho yakiwa dirishani. Lakini mti wenyewe ungesimamishwa mlangoni pangu, ningeufungia kamba nikaanika nguo.

Kisha ukaja mwaka wa uporaji. Askari ambao hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu waliteremka mjini wakavunja maduka. Nyuma yao wakaja raia, na maduka yalipokwisha ikafika zamu ya ofisi. Siku tuliporudi kazini hatukukuta mlango wa kufungua. Viti vilikuwa vimekwenda, makabati, balbu, hata sinki la kunawia mikono. Mashine yangu ya kuandika nayo ilikwenda. Aliyeichukua aliacha kile kifuniko chake cha plastiki, amekikunja vizuri na kukiweka dirishani. Nilicheka. Wiki ile nilikuwa nimeshalia vya kutosha.

Wenzangu wakatawanyika. Mishahara ilikuwa haiji, na Kasumbalesa, mpakani, kulikuwa na unga wa mahindi kutoka Zambia, basi mkaguzi aliyekuwa anahesabu miti akawa anahesabu magunia. Mimi niliendelea kwenda ofisini kila asubuhi. Si kwa uaminifu. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, na reli nayo ilikuwa imesimama, na watu wawili wasio na kazi wakikaa kutwa katika nyumba moja, hata chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, huwa sababu ya ugomvi.

Aliyebaki pamoja nami alikuwa dereva wetu. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na gari lake lilikuwa limeporwa pia. Alikuja kazini na ufunguo wake mfukoni, akaketi kwenye ngazi.

Mwezi wa tano, Jumatatu moja, saa mbili kamili asubuhi, alipanda ngazi zile mzee mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa. Alikuwa na chaki tatu ndani ya leso. Alituambia yeye ndiye mwalimu wa resiklaje. Hapo nikakumbuka. Kabla ya uporaji nilikuwa nimeipiga chapa barua mwenyewe: mafunzo ya kuongeza ujuzi kwa mawakala ishirini na watano, juu ya utunzaji wa misitu na makazi ya wanyama. Katika vurugu zile hakuna aliyefikiria kumwandikia kwamba yamefutwa.

"Bengine beko wapi?" akauliza.

"Beko Kasumbalesa, Prof," dereva akajibu.

"Bote?"

"Bote."

Akaangalia saa yake. "Saa imefika. Tunaanza."

Akaanza kwa Kifaransa, "Mesdames et messieurs," akiinamisha kichwa kidogo. Dereva akageuka nyuma kutafuta hao wengine. Mabibi wote nilikuwa mimi, na mabwana wote alikuwa yeye. Kwa kuwa ubao haukuwapo, mwalimu aliandika ukutani, pale ambapo kabati lilikuwa limeficha rangi isichakae.

Baada ya somo la kwanza nilimwambia ukweli. "Prof, miye haina kwenye liste. Miye ni daktilo tu."

"Unajua jina la muti gani?"

Nikamtajia. Nilianza kwa A, kama nilivyozoea kupanga majedwali, nikaenda bila kupumua, nikavuka majina thelathini. Chaki ikabaki hewani mkononi mwake.

"Na umeiona?"

"Ku karatasi, Prof."

Akaifunga chaki ndani ya leso. Kisha akasema, kwa upole, kama daktari anayempa mgonjwa habari njema, "Mama, kesho vaa viatu bya kutembea."

Kesho yake tulitembea kupita Luano, tukauacha uwanja wa ndege nyuma yetu, mpaka barabara ikawa njia, na njia ikawa nyayo. Nilikuwa na mkate, chupa ya munkoyo, togwa yetu ya mahindi, na magoti yaliyoniuma. Kamba ya kupimia ilikuwa imeporwa, kwa hiyo dereva alileta kamba yake ya kuvutia gari, tukaifunga fundo kila baada ya mita moja. Tulipima kipande cha msitu tutakachosomea: kamba kadhaa kwa kamba kadhaa, kona nne, kila kona kichuguu, kwa sababu huko kwetu vichuguu ni virefu kama nyumba na havihamishwi na mtu.

Mwalimu akapiga kofi shina la mti wa kwanza. "Huyu nani?"

Sikujua. Gamba la kijivu, majani mapana yaliyokaa mawili mawili.

"*Julbernardia paniculata*," akasema.

Nilisimama pale mdomo wazi. Nilikuwa nimeliandika jina lile mara ngapi! Lilikuwa jina gumu lililokula utepe wa mashine, lenye *j* mwanzoni iliyopenda kukwama. "Kumbe ni weye!" nikasema, kwa sauti kubwa, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeunyooshea mti mkono kama ninayemsalimu shemeji aliyerudi kutoka ng'ambo. Dereva alicheka mpaka akaketi chini. Mwalimu hakucheka. Alivua kofia. "Endelea," akasema, "wengine wanangoja." Nikazunguka asubuhi nzima nikisalimia. *Pterocarpus* niliukwaruza kidogo ukatoa utomvu mwekundu kama damu, nikauomba radhi. Nilirudi nyumbani miguu ikiwaka, na mume wangu akaniuliza nani kanifurahisha hivyo. Nikamjibu: wengi.

Dereva naye alikuwa na ugunduzi wake. Miaka yote aliwapeleka wakaguzi msituni, wakashuka, yeye akabaki garini akilala. Macho yake hayakuwa mazuri kwa majani. Lakini masikio! Huyu mtu aliweza kusikia gari likipita barabarani akakwambia boliti gani imelegea. Siku ya tatu mwalimu alisimama ghafla, akainua kidole, na ndege fulani akalia juu yetu.

"Huyo mukanda yake imekauka," dereva akasema.

Akalia mwingine, chini kwenye nyasi.

"Huyo anakataa kuwaka. Betri."

Mwalimu akatoa daftari. Tangu siku hiyo walikuwa na kazi yao wawili: dereva anataja ugonjwa wa injini, mwalimu anataja ndege. Baada ya wiki mbili dereva alijua ndege wengi kuliko miti niliyoijua mimi, na alinionyesha ndege mmoja mdogo wa kijivu ambaye huwaongoza watu kwenye asali. Tulimfuata. Tulipata asali. Nilipata pia miiba, na nyuki mmoja kwenye sikio.

Mwanafunzi wa tatu tulimkuta wiki ya tatu. Tulikuwa tunapima mashina, mimi nikiandika, tukasikia shoka. Lilinyamaza tulipokaribia. Nyuma ya kichuguu alisimama mama mmoja wa umri wangu, kitenge kimefungwa juu ya kiuno, na mpini wa shoka umechomoza mgongoni mwake kama mkia. Aliliona shati la kazi la dereva, lile la kijani lenye alama ya huduma ya misitu, akajua amekwisha.

"Miye niko natafuta tu buyoga, papa," akasema.

"Buyoga mu mwezi wa tano?" mwalimu akauliza. Mvua zilikuwa zimekwisha zamani.

Mama akafikiri. "Njo maana sijapata."

Nilijaribu kuzuia kicheko nikashindwa, naye akanitazama kwa hasira, kisha akaona penseli yangu. "Munaandika jina yangu?"

"Hapana, mama. Shiye tuko banafunzi."

"Banafunzi? Na mvi mu kichwa?"

Alikuwa mchoma makaa. Mume wake alikuwa ameondolewa mgodini pamoja na wengi wengine, na jiji lote lilikuwa limerudi kupikia makaa, kwa hiyo akachukua shoka. Lakini yeye hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa amelelewa msituni na nyanya yake. Mwalimu, badala ya kumkemea, alianza kumweleza somo la siku ile, namna ya kukata mti ili kisiki kichipue. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, akasema:

"Papa, weye unasema muzuri. Lakini mutondo haukatwe vile. Ukiukata juu, matawi yanatoka mengi, yanavunjika na upepo. Ukate chini, karibu na udongo, na shoka kali, haina na ile butu. Halafu uache tatu tu zikomae. Ile ingine unaitoa."

Akatupeleka kwenye kisiki chake cha miaka minne. Vijiti vitatu vilikuwa vimesimama pale, vimenyooka, virefu kuliko mimi. Mwalimu alipiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi. Alipima, akaandika, akapima tena. Aliposimama alimwambia, "Mama, somo letu ni saa mbili. Usichelewe."

Hivyo tukawa watatu. Mimi nilikuwa na Kilatini, yeye alikuwa na majina ya nyanya yake. Tuliketi chini na karatasi nilizookota kwenye ngazi za ofisi, fomu za vibali ambazo waporaji walizimwaga kwa kuwa hazikuwa na faida, tukaandika nyuma yake safu mbili. *Brachystegia spiciformis*: muputu. *Julbernardia*: mutondo. *Pterocarpus*: mulombwa. Nikimtajia jina langu alilirudia akijipiga paja kwa kicheko, akidai linasikika kama jina la mganga wa Kizungu. Kisha alisema lake, na pamoja na jina ilikuja habari yote: mti huu una finkubala, viwavi wa kuliwa, ukiukata ili uwachukue mwaka huu, mwaka ujao utakula nini? Ule chini yake swala mdogo hulala. Huu usipikie, moshi wake unatia macho ugonjwa. Ripoti zangu za miaka kumi na minane hazikuwa na hata mstari mmoja wa namna hiyo.

Mwezi wa sita mwalimu alituambia tutachoma msitu. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Tutauchoma mapema, ili usiungue baadaye," akasema. Nyasi zikiwa bado nusu mbichi, moto huenda taratibu, chini, haufiki kwenye majani wala hauui machipukizi. Ukingoja mpaka mwezi wa tisa, nyasi zimekauka kama karatasi, moto unapanda na kula kila kitu. Aliinua leso kupima upepo. Tulizunguka ukingo wa kipande chetu wanne, kila mmoja na tawi bichi mkononi, tukawasha kidogo, tukazima, tukawasha tena. Niliogopa sana. Nilizima hata mahali palipokuwa hapajawaka. Jioni tulikuwa weusi nyuso zote, na kwenye njia ya kurudi mtu mmoja mwenye baiskeli alitupisha akijifanyia ishara ya msalaba.

Moto wa kweli ulikuja mwezi wa tisa. Tulikuwa mjini siku ile, tukaona moshi upande wa Luano. Kesho yake tulikwenda mbio, mimi na dereva, tukimwacha mwalimu nyuma na viatu vyake. Upande wa kushoto wa njia ulikuwa majivu matupu. Kisha tukafika kwenye ukingo wetu, na moto ulikuwa umesimama pale pale, kama mtu aliyefungiwa mlango. Ndani, miti ilikuwa imetoa majani mapya. Wale wanaojua msitu wetu wanajua majani hayo huzaliwa mekundu, rangi ya divai, kabla hata mvua haijanyesha. Mimi sikujua. Nilikuwa naona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Kanga walikuwa wamejaa humo, wamekimbilia kwetu, na kwenye majivu ya mpakani tuliona alama za kwato ndogo za swala zikiingia, hazikutoka.

Mama mchoma makaa alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa anacheza. Peke yake, bila ngoma, mikono juu. Tulijiunga. Mwalimu alipofika akihema alitukuta hivyo, akasafisha miwani, akasema kwa Kifaransa kwamba hili halimo kwenye programu, kisha na yeye akapiga hatua mbili tatu, ngumu, kama mtu anayepanda ngazi.

Miezi michache baadaye siasa ilivunja kile ambacho uporaji ulikuwa umeacha. Wanasiasa walisema mkoa una wenyewe, na watu ambao asili yao ni mkoa wa jirani warudi kwao. Mwalimu alizaliwa Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi, baba yake aliletwa na reli. "Kwao" alikuwa hajawahi kulala hata usiku mmoja. Aliandikiwa maneno kwenye mlango wa nyumba yake, na wiki ile ile alihamia stesheni pamoja na mke wake, kungoja treni kati ya mamia ya wengine.

Nilidhani mafunzo yamekwisha. Alhamisi dereva alikuja kwangu. "Prof anasema mutihani ni Posho, saa tatu, ku stesheni. Tubebe penseli."

Posho, yaani Jumamosi, tulikwenda, watatu. Watu walikuwa wamekaa kwenye zege na vitanda vyao, masufuria, milango waliyong'oa kwenye nyumba zao wasiiache. Mwalimu aliketi juu ya sanduku la bati, viatu vinang'aa. Miguuni pake palikuwa na gunia. Aliingiza mkono, akatoa jani moja kavu.

"Mama daktilo. Jina mbili, kazi yake, na nani anakula matunda."

Nikajibu. Akatoa ganda la mti kwa mama. Akamfumbisha dereva macho, akapiga mluzi, na dereva akataja ndege, na ugonjwa wa injini pia, kwa mazoea. Wangojaji wa karibu wakaanza kugeuka. Bibi mmoja juu ya mafungu yake akasema, "Hiyo kwetu tunaiita hivi," akataja jina ambalo hatukulijua, na mwalimu mwenyewe akalirudia polepole. Mwanamume mwingine akakumbuka babu yake alichonga kinu kwa mti ule. Watu wakasogea. Kila kitu kilichotoka guniani kilipokewa kwa sauti, wengine wakipaza majibu, na mwalimu akipiga sanduku kwa kiganja: "Hakuna kupeana majibu!" Vicheko vilijaa stesheni ile. Mke wa mwalimu, ambaye nilikuwa sijamsikia akisema neno tangu tufike, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge.

Askari alikuja. Kijana, na bunduki. "Mukutano gani huu?"

Mwalimu alisimama. "Haina mukutano. Ni mutihani." Akamnyooshea tunda bapa lenye miiba katikati, lenye bawa pande zote. "Huyu muti gani?"

Askari aliligeuza mkononi. "Mubanga."

"Hapana, mwanangu," mama mchoma makaa akamwambia, kabla hajajiuliza anasema na nani. "Mulombwa. Mubanga tunda yake ni ndefu."

Kijana alilitazama lile tunda tena, akakuna shingo. "Nyanya yangu angenipiga," akasema. Akabaki amesimama pale mpaka mwisho, na maswali mawili aliyajibu vizuri.

Matokeo tulipewa hapo hapo. Dereva kumi na nne juu ya ishirini, mimi kumi na sita, mama kumi na tisa.

"Ile moja umeitoa wapi, Prof?" mama akauliza.

"Siku yako ya kwanza ulichelewa."

Alituandikia vyeti kwa mkono, nyuma ya fomu za vibali, kwa mwandiko wa shule za mapadri. Mama hakujua kusoma. Alinifanya nimsomee chake mara tatu, akikifuata kwa kidole, kisha akakikunja akakiweka kifuani. Treni ilikuja baada ya siku tisa. Tulimpandishia mwalimu sanduku kupitia dirishani. Nililia, naam, lakini alipoinama dirishani neno lake la mwisho lilikuwa, "Ukingo, mwezi wa sita, msisahau," na ikabidi nicheke machozi yakiwa bado yanatoka.

Hatukusahau. Ofisi haikunipa mashine nyingine, nami sikuiomba tena. Mwezi wa sita mama alileta wachoma makaa wenzake watano kusaidia kuchoma ukingo, na mwaka uliofuata walikuwa kumi na wanne. Nilisimama mbele yao na kamba ya mafundo, nikawafundisha kupima, na mama akawafundisha kukata, na dereva akawafundisha kunyamaza na kusikiliza, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko yote. Kila mmoja alikuwa na visiki vyake na zamu yake. Hatukuokoa msitu wote wa Lubumbashi, nisidanganye. Nenda leo uone ulivyorudi nyuma. Lakini kipande kile kilisimama, na kingine kando yake, na kingine.

Barua ya mwalimu ilifika baada ya mwaka na nusu, kupitia rafiki wa mume wangu wa reli. Aliandika kwamba yuko salama, mke wake analima, na kwamba nchi ile ya mababu zake ina miti asiyoijua hata kidogo. "Nimepata bibi mmoja ananifundisha," aliandika. "Mkali sana. Jana amenipa sita juu ya ishirini."

Niliwasomea wachoma makaa barua hiyo msituni, tukiwa tumeketi juu ya magogo, munkoyo ukizunguka. Walicheka hadi ndege wakaruka. Kisha yule mama aliyepata kumi na tisa akasema tumjibu pale pale, asije akakata tamaa na hiyo sita yake. Nikatoa penseli. Kila mmoja alitaka kumpelekea mti wake, jina na kazi na nani anakula, na wote walisema kwa pamoja, na mimi, daktilo wa miaka kumi na minane, mkono wangu ukashindwa kuwafuata.